Poka kwa Punje za Maharage

Kijana wa Sumbawanga aliyekulia kwenye karata za kuwania pointi 61 kati ya 120 huingia kwenye poka na mtaji mkubwa. Amezoea kukumbuka ree ngapi zimetoka, nani kaishiwa turufu, seti ya kopa imelala mkononi mwa nani. Kinachomsumbua ni mazoea. Kule ukigawiwa magarasa unacheza nayo hivyo hivyo hadi mwisho. Kwenye poka unayatupa, tena mapema, na mchezaji mzuri hutupa mara nyingi kuliko anavyocheza.

Nashauri kuanza kwa maharage, na Ufipa hayakosekani. Michezo ya fedha ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi inayotoa leseni, lakini sababu yangu ni ya ufundi: anayeogopa kupoteza hela ya mbolea hawezi kutuliza kichwa akapiga hesabu.

Na hesabu ndiyo mchezo wenyewe. Tuchukue poka ya karata mbili mkononi na tano mezani. Una ree na sita, zote shupaza. Mezani zimefunguliwa tatu, mbili shupaza. Shupaza ziko 13; umeona nne, zimebaki tisa kati ya karata 47 usizoziona. Uwezekano wa karata inayofuata kukukamilishia shupaza tano ni kama asilimia 19, takriban mara moja kati ya tano. Palikuwa na punje 20, mwenzako kaongeza 10. Unatoa 10 kuwania 30, kwa hiyo lazima ushinde walau mara moja kati ya nne. Hufiki, tupa. Lakini kama palikuwa na 50, unatoa 10 kuwania 60, na mara moja kati ya saba inatosha. Fuata. Karata ni zilezile, uamuzi umegeuka. Mnunuzi wa mahindi halijui gunia zuri mpaka aambiwe bei, na hapa ni hivyo hivyo.

Kuzuga nakuweka mwisho, maana wanafunzi hukukimbilia. Kwenye karata za wawili wawili, jicho humkonyeza mwenza. Poka haina mwenza. Kila ukonyezo unasomwa na adui. Zoezi lake ni la mwili: tazama karata kwa muda uleule, sukuma punje kwa mwendo uleule, uwe umeshika ree mbili au garasa tupu.