Usajili wa Mazembe 2011: Somo kwa Vilabu vya Kasongo na Kabambare

Msimu ukiisha, viongozi wa klabu huanza kuulizana: nani anapatikana? Swali la kutangulia ni jingine: nani alitusumbua, na alipitia wapi? Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ilionyesha jinsi swali hilo linavyojenga timu. Mwaka huohuo ikalipa gharama ya kutokuwa makini na karatasi.

Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Machi na Aprili 2011, katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikaitoa Simba ya Dar es Salaam kwa jumla ya mabao 6-3. Ushindi haukuifumba macho. Mwaka huo iliwasajili kutoka Simba mshambuliaji Mbwana Samatta, kijana wa miaka 18, na kiungo Mganda Patrick Ochan. Mechi za ushindani humfichua mchezaji kuliko majaribio ya mazoezini: unamwona akikabwa na mabeki wako mwenyewe, timu yake ikiwa nyuma.

Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, alijiunga pia, kwa hiyo Samatta hakuwa mpweke ugenini, tena katika jiji linalosema Kiswahili. Kisha klabu ikasubiri. Mwaka 2015 Mazembe iliifunga USM Alger 2-1 huko Algiers na 2-0 Lubumbashi, ikatwaa Ligi ya Mabingwa. Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali na kumaliza mashindano na mabao 7, miongoni mwa vinara wa ufungaji.

Upande wa pili wa 2011 ni mchungu. Simba ilimkatia rufaa beki wa Mazembe, Janvier Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunisia. CAF ikaamua hakustahili kucheza, na mwezi Mei bingwa mtetezi akaondolewa mashindanoni. Kikosi kizima kiliadhibiwa kwa usajili wa mtu mmoja.

Kwa Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wetu wa Maniema, ambako barabara mbovu hufanya kila safari ya kutafuta mchezaji kuwa ghali, njia hii inafaa zaidi kuliko kuhangaikia majina ya mbali. Kocha aandike baada ya kila mechi: bao tulifungwa upande gani, nani wa wapinzani alitushinda mbio au akili. Kiangazi kikifika, daftari hilo litaonyesha nafasi mbili au tatu zenye pengo. Wachezaji wa kuziba hapo tayari wamecheza dhidi yenu. Barua ya kuachiwa na klabu ya zamani na leseni vipatikane kabla ya jezi.

AS Maniema Union ya Kindu ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024/25, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja na FAR. Ngazi hiyo imo ndani ya mkoa wetu. Vijana wa kusini watakaribia kuifikia pale klabu zao zitakaposajili kwa kumbukumbu zilizoandikwa na karatasi zilizokamilika.