Hongera, Fundi Springi

Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, na Hilux pia, kwa kawaida nyuma hubebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwenye changarawe ya kuelekea Serengeti, vyuma hivyo ndivyo huamua kama pikapu itafika. Sifa, hata hivyo, huenda kwa injini.

Nampongeza fundi springi kwanza kwa maswali yake. Kabla ya kushika spana huuliza: unabeba nini, na mara ngapi unatembea bila mzigo? Anajua kuwa kuongeza chuma huinua mkia na kuhimili uzito, ila gari likiwa tupu litarukaruka na tairi kukosa mshiko. Ndiyo maana fundi mzuri humkatalia mteja anayetaka urefu wa mapambo tu.

Pili, kwa mkono wake. Chuma kilicholala hukikunja upya kwa nyundo kikiwa baridi, pigo kwa pigo, maana moto usiopimwa huua ugumu wake. Gari likiinuka, hukagua kama shokapu inafikia urefu mpya, bomba la breki halivutwi na propela haijakaa kwa pembe mbaya. Boliti ya katikati ikikatika ekseli huhama, kwa hiyo harudishi iliyochakaa.

Mwisho hukuagiza urudi baada ya safari ya kwanza akaze tena yubolti. Wengi hawarudi. Rudini, na mlipeni bila kunung'unika: anawafikiria abiria waliokaa juu ya magunia.