Mpinzani Aliyepotea: Ngonjera katika Sherehe za Kufungua Mwaka wa Shule

Kila mwezi Januari, mwaka wa shule unapoanza Tanzania Bara, wananchi wa vijiji na mitaa kadhaa hukusanyika katika uwanja wa shule kuwapokea watoto wanaoingia darasa la kwanza. Wazee hukalishwa mbele, wanafunzi wakubwa huimba na kucheza ngoma, risala husomwa, na mgeni rasmi huhutubia. Baina ya risala na hotuba, kwa desturi iliyokwisha kuota mizizi, hutolewa ngonjera. Makala haya yanakusudia kuichunguza ngonjera hiyo kama kazi ya sanaa, kwa vipimo vile vile tunavyopimia ushairi mwingine, na kuuliza kama bado inaitimiza kazi iliyoizaa. Rai yangu ni kwamba mara nyingi haiitimizi, na sababu yake kubwa ni moja: imempoteza mpinzani.

Kwanza tuitazame sherehe yenyewe. Jamii zetu hazikungoja shule za kisasa ndipo zijue kumpokea mtoto anayeingia katika elimu. Watu wa kusini walikuwa na jando na unyago. Vijana walipotoka huko walivikwa nguo mpya, wakapokewa kwa vigelegele, na kila ukoo ukawa na sehemu yake ya kutenda. Watu wa pwani waliwapeleka watoto chuoni kusoma Kurani, na mtoto alipohitimu alifanyiwa karamu. Katika desturi hizo mzazi hakuwa mtazamaji. Alikuwa na neno la kusema, zawadi ya kutoa na wajibu ulioeleweka. Sherehe ya Januari, ikifanywa vema, ni mrithi halali wa desturi hizo, nayo inastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa.

Lakini kuna tofauti moja ambayo watungaji wetu hawaizingatii. Sherehe nyingi za jadi zilifanywa baada ya mavuno, ghala zilipokuwa zimejaa na mikono ilipokuwa imepumzika. Shule hufunguliwa Januari. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, huo ni mwezi wa jembe; mahindi, mtama na uwele vinahitaji palizi, na chakula cha mwaka uliopita kinakaribia kwisha. Usukumani pamba iko shambani, na fedha yake haitaonekana mpaka katikati ya mwaka. Basi mzazi anayesimama uwanjani siku hiyo, akimshika mtoto mkono, anasimama na mashaka ya kweli moyoni. Hakuja kwa kuwa hana hoja. Amekuja akiwa na hoja ambazo hajaulizwa. Sanaa inayotolewa mbele yake haina budi kuzigusa hoja hizo, ama sivyo itampita kama upepo.

Na ngonjera ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi na hakimu aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa ngonjera umbo tunalolifahamu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walitakiwa kuzieleza siasa mpya kwa lugha itakayowaingia wananchi. Mnyampala hakuridhika na shairi la mtu mmoja. Alichukua beti za kimapokeo, zenye vina na mizani kamili, akazigawa kwa watu wanaobishana: mmoja hajui au hakubali, mwingine anajua na anaeleza, na mwishowe wanapatana. Ngonjera za UKUTA zilipochapishwa mwaka 1970 ziliingia shuleni haraka, maana mwalimu alipata humo somo la ushairi, la siasa na la maigizo kwa pamoja.

Umbo hilo lilikubalika upesi kwa kuwa lilikuwa na ndugu zake wa zamani. Kujibizana ni uti wa mgongo wa sanaa zetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, aliutumia ushairi kupambana na wapinzani wa mji wake. Wasukuma wana Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji hutoa hukumu kwa miguu yao, wakihamia upande unaowavutia zaidi. Katika miji ya pwani, ngoma ya beni ilikuwa na Marini na Arinoti. Katika mashindano hayo yote jambo moja halibadiliki: hakuna anayesifiwa kwa kumshinda mpinzani dhaifu. Utamu wa ushindi hupimwa kwa nguvu ya aliyeshindwa.

Sasa tuzisikilize ngonjera za Januari. Katika wilaya mbalimbali nilikofanya kazi nimezisikia nyingi, na zinafanana mno. Wanasimama watoto sita au wanane katika mstari. Wa kwanza anamkaribisha mgeni rasmi kwa jina na cheo. Wa pili anasifu elimu kuwa ni mwanga, wa tatu kuwa ni ufunguo, wa nne kuwa ni bahari. Wa tano hutaja matatizo ya shule, ambayo yamekwisha kutajwa katika risala. Wa sita anamwaga mgeni. Kila mtoto anakubaliana na mwenzake. Huo ni utenzi uliogawiwa vipande, na watoto wameugawana kama wanavyogawana mzigo wa kuni. Vina vinaweza kuwa safi na mizani timilifu, lakini ngonjera haipo.

Nyakati nyingine mpinzani huwekwa, lakini ni mpinzani wa majani makavu. Huitwa Mjinga, huvaa matambara, hupepesuka kama mlevi, na hoja yake ni kwamba shule haina faida. Watu hucheka. Ubeti wa pili haujaisha naye amekwisha kusalimu amri na kuomba daftari. Ni haki kukiri kwamba hata katika ngonjera za mwanzo mpinzani alijulikana kuwa atashindwa. Lengo lilikuwa kueneza siasa iliyokwisha kuamuliwa, na huo ndio udhaifu uliozaliwa pamoja na sanaa hii. Hata hivyo umbo lenyewe lilimpa mpinzani beti zake kamili, akaitoa shaka yake kabla ya kujibiwa. Sisi tumeurithi udhaifu, tukaitupa fadhila.

Ubaya mwingine ni kwamba Mjinga huyo amebaki katika mwaka 1970 wakati mzazi wa kweli amesonga mbele. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka watoto wote waandikishwe shule ifikapo Novemba 1977, vijiji vilifyatua matofali na madarasa mengine yakafanyika chini ya miti. Mzazi wa siku zile aliweza kuuliza: nani atachunga ng'ombe? Ada ya shule za msingi ilipoondolewa na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, madarasa yalifurika, na mzazi akauliza: mtoto wangu atasikia nini akiwa nyuma ya wenzake mia? Januari 2016 elimu ilianza kutolewa bila ada mpaka kidato cha nne, naye akauliza: ada imeondoka, lakini sare, madaftari na kalamu je? Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Katika nyumba nyingine jambo hilo linabishaniwa usiku kucha baina ya mama, baba na binti, uwanjani halitajwi. Hoja zimebadilika mara nne, na Mjinga wetu bado anasema shule haina faida. Mzazi anayemtazama hajioni hata kidogo. Anapiga makofi kwa adabu, anarudi nyumbani na shaka yake nzima, na palizi ikipamba moto binti yake huanza kukosekana darasani.

Wako watakaosema kwamba sherehe si baraza la mashauri, na kwamba si heshima kumwacha mtoto aulize maswali magumu mbele ya wakubwa. Naelewa hofu hiyo; nimekuwa mtumishi wa umma kwa miaka mingi na najua ratiba ya mgeni rasmi ilivyo fupi. Lakini adabu na ukimya ni vitu viwili. Mashairi yetu yana uwezo wa kulisema jambo zito bila kumvunjia mtu heshima, na vina na mizani ndivyo vinavyomfunga msemaji asiropoke. Wako pia watakaosema kwamba watoto hawawezi kutunga hoja nzito. Jibu langu ni kwamba hawahitaji kuzitunga. Wanazisikia nyumbani kila siku. Kazi ya mwalimu ni kuwasaidia kuzipa umbo.

Ili nisilaumu bila kuonyesha njia, natoa beti mbili nilizozitunga kwa ajili ya makala haya. Mama anasema na mwalimu, na binti ndiye anayejibu:

MAMA:
Mwalimu nisikilize, sijaja kukukataa,
Shamba nani apalize, mwezi huu wenye njaa?
Kichanga nani alaze, dada shule akikaa?
Mbuzi gani nimuuze, sare apate kuvaa?

BINTI:
Mama nimekusikia, hoja yako ina kweli,
Jembe nitakushikia, jua halijawa kali,
Jioni mwana kilia, mgongo wangu wa pili,
Ila sare nakwambia, tuulize serikali.

Sisemi kwamba beti hizi ni bora. Nataka tuchunguze zinavyofanya kazi. Mama si mjinga. Anaanza kwa kusema kwamba haikatai shule, kisha anataja mambo matatu ambayo kila mwanamke uwanjani anayajua: shamba, mtoto mchanga na sare. Binti hamshindi mama yake. Anakubali kwamba hoja ina kweli, anajitolea kwa mawili yaliyo katika uwezo wake, na la tatu, lisilo katika uwezo wa mtoto wala wa mama, analifikisha linakostahili. Kwa hiyo mapatano ya mwisho yana gharama, na kila upande umebeba sehemu yake. Mgeni rasmi naye, badala ya kupokea sifa, amepokea swali, na hotuba yake itakuwa na la kujibu. Kidato cha pili wanaweza kuendeleza: mwalimu atasema nini? Mwenyekiti wa kijiji je? Na baba, ambaye hajafungua kinywa?

Nawaomba walimu wayajaribu mambo manne. Kwanza, wiki moja kabla ya sherehe, wanafunzi waulize nyumbani ni jambo gani linalowatia wazazi shaka kuhusu shule, kisha walete majibu bila kutaja majina ya watu. Pili, sehemu ya mpinzani apewe mwanafunzi mwenye sauti na akili kuliko wote, na asivalishwe matambara. Tatu, jina na cheo cha mgeni vibaki katika risala, maana ubeti unaobadilishwa jina kila anapobadilika mgeni si mali ya sanaa. Nne, baada ya ngonjera mzazi mmoja apewe nafasi ya kujibu, kwa shairi akiweza, kwa maneno ya kawaida asipoweza. Kwa njia hiyo sherehe itarudisha kile kilichokuwamo katika desturi zetu, yaani jamii yote kuwa na sehemu ya kutenda.

Kwa upande wa vijana wanaosoma fasihi, nina neno moja. Mnapoulizwa katika mtihani tofauti ya ngonjera na shairi, huandika kwamba ngonjera ina wasemaji wengi. Jibu hilo ni nusu. Wanakwaya nao ni wengi. Ngonjera huwa ngonjera pale msemaji wa pili anapoweza kumbadilisha wa kwanza, naye wa kwanza akambadilisha wa pili. Ipimeni kila ngonjera kwa kipimo hicho: mwishoni, nani amehama mahali alipokuwa amesimama, na kwa hoja gani?

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliueleza utamaduni kuwa ndio kiini na roho ya taifa. Roho haikai katika sare zilizopigwa pasi na beti zilizokaririwa. Mtoto wa miaka sita anayesimama uwanjani Januari hajui bado kusoma, lakini tayari anajifunza. Akiwaona wakubwa zake wakibishana kwa hoja, kwa vina na kwa heshima, atajua kwamba mahali anapoingia ni mahali pa kuuliza. Akiwaona wakisifu tu, atajifunza kusifu, na itamchukua mwalimu wake miaka mingi kujaribu kumfundisha vinginevyo.