Uso wa 001 Ulisifiwa Kabla ya Kupimwa

Nimeirudia ile makala ya 2008 ya Yang, Lu na wenzao katika jarida la Nature, na kosa naliona palepale. Uso wa 001 wa anatasi, fuwele ya titani dioksidi, ulitangazwa kuwa mtendaji kuliko 101 kwa hesabu tu, kabla haujawekwa chini ya taa.

Upishi wenyewe hauna doa: titani tetrafloridi, asidi ya hidrofloriki, otoklevu kwenye nyuzi 180, na asilimia 47 ya uso wa 001.

Turudi kwenye uamuzi. Hesabu iliwapa jouli 0.90 kwa mita ya mraba kwa 001, na 0.44 kwa 101. Sawa, uso wenye nishati kubwa hukua haraka hadi ukatoweka, ndiyo maana mchoro wa Wulff, unaokadiria umbo la fuwele kutokana na nishati ya nyuso zake, unatuachia zaidi ya asilimia 94 ya 101. Lakini hayo ni mambo ya ukuaji. Mwanga ukishaipiga fuwele, swali linakuwa elektroni imefika usoni ikiwa na nishati kiasi gani, na imepokelewa na nani. Jouli za uso hazijibu hilo hata kidogo. Tena 0.90 ni ya uso safi, ilhali uliotoka kwenye otoklevu ulikuwa umejaa florini. Hiyo florini ndiyo iliyoushikilia usitoweke. Walionyesha wenyewe kwamba nyuzi 600 huiondoa bila kuharibu umbo. Hapo ndipo ungelinganishwa na 101 safi, kisha sifa ifuate!

Badala yake zikaanza mbio za asilimia: 64, kisha 89, zote 2009, na kila mara picha ya hadubini ya fuwele moja iliyonyooka kuliko wenzake. Picha hizo nimezilalamikia miaka mingi na sitaacha. Kinachodumu ni vipimo: Laudise na Ballman wa Bell Labs, walipokuza oksidi ya zinki mwaka 1960, walipima kasi ya ukuaji uso kwa uso, na tarakimu zao tunazitumia hadi leo.

Mwaka 2011 Pan, pamoja na Liu, Lu na Cheng, watatu hao wakiwa waandishi wa ile ya 2008, walisafisha nyuso za 001, 101 na 010 na kupima uzalishaji wa hidrojeni. Ikaongoza 010, ikafuata 101, na 001 ikawa ya mwisho. Hata hivyo makala mpya bado zinafunguliwa kwa kuisifu 001, na rejea inayotajwa ni ya 2008.