Ndege Ikitua Imejaa na Kuondoka Tupu, Vitabu Vinasemaje?

Mwaka wa fedha wa mashirika ya serikali nchini Kenya hufungwa Juni 30. Baada ya hapo shirika lina miezi mitatu ya kuwasilisha hesabu zake kwa Mkaguzi Mkuu, naye kikatiba anatakiwa awe amemaliza kazi ndani ya miezi sita tangu mwaka kufungwa. Lakini mwananchi hasubiri ripoti hiyo, na mashirika yenyewe hayamsubirishi: mapema zaidi hutolewa takwimu za mafanikio, na hizo ndizo zinazobaki vichwani. Halmashauri ya Bandari (KPA), kwa mfano, ilitangaza kwamba bandari ya Mombasa ilihudumia tani milioni 41.1 mwaka 2024, kutoka milioni 35.98 mwaka uliotangulia, na kwamba makontena yalivuka milioni 2 kutoka milioni 1.62. (Takwimu hizo ni za Januari hadi Desemba, ilhali hesabu za fedha ni za Julai hadi Juni; msomaji anayetaka kulinganisha tani na shilingi anaanza safari akiwa na kalenda mbili mkononi.) Sizipingi. Ninachosema ni kwamba zimeundwa kupima ni kiasi gani kimepita mlangoni, wala hazituambii kilikuwa kinaelekea wapi. Kasoro hiyo inaonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka Eldoret, jiji lisilo na bahari, kupitia uwanja wake wa ndege ulioko Kapseret.

Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret ulijengwa katikati ya miaka ya 1990, enzi ya Rais Daniel arap Moi, huku wakosoaji wa ndani na wafadhili wa nje wakiuona kama mradi wa kisiasa usio na wateja. Watetezi wake walikuwa na jibu la kiuchumi: Uasin Gishu, Trans Nzoia, Nandi na Elgeyo Marakwet ni ghala la nchi, na mazao ya huko yalihitaji mlango wa kutokea. Baada ya karibu miongo mitatu, mlango huo unatumika zaidi kuingilia. Ndege za mizigo hutua kutoka nchi za Ghuba zikiwa zimesheheni vifaa vya umeme, nguo, simu na vipuri. Mawakala wa forodha wanaupenda uwanja kwa sababu hauna msongamano kama wa Nairobi. Kisha sehemu kubwa ya shehena hiyo hupakiwa kwenye malori na kushushwa Nairobi, kwa wafanyabiashara wa Eastleigh na Kamukunji. Ndege nayo huruka tupu, au karibu tupu, ikaenda uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kupakia maua ya kupeleka Ulaya. Sasa tazama barabara kuu mahali inapopanda Timboroa. Lori la simu kutoka Kapseret linapanda kuelekea Nairobi, nyuma yake lori la baridi lenye waridi za Trans Nzoia linapanda kuelekea Nairobi hiyohiyo, na juu yao imepita ndege kubwa isiyo na kitu tumboni, nayo inaelekea huko huko. Bidhaa iliyotua Eldoret inafuata barabara, na bidhaa iliyokuzwa karibu na Eldoret inaifuata ndege kule ilikokwenda kupakia.

Sababu ya kwanza ni ya kifizikia, na inafaa ielezwe polepole kwa kuwa wanasiasa huipitia juu juu. Kapseret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo, hata siku ya baridi, hewa ina takriban asilimia 80 tu ya uzito ilio nao pwani, na jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Hewa nyepesi humpunja rubani mara mbili kwa mpigo mmoja: injini zinatoa msukumo mdogo, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo libebe uzito uleule. Kwa hiyo ndege inakimbia umbali mrefu kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia ya Eldoret ina urefu wa takriban kilomita tatu na nusu. Ya Jomo Kenyatta inapita kilomita nne, na Nairobi iko chini zaidi kwa karibu mita 500. Ndege ya mizigo inayoweza kubeba tani mia moja hivi haina shida kutua Eldoret imejaa, kwa maana inapotua imekwisha kuchoma mafuta mengi. Shida iko kwenye kuondoka. Ikitaka kwenda Ulaya moja kwa moja, safari ya zaidi ya kilomita 6,000, lazima ibebe mafuta mengi, na kila tani ya mafuta inayoongezwa inatoa tani ya shehena. Mwenye ndege anapiga hesabu na kuona heri aweke mafuta ya kumfikisha Nairobi tu, akapakie huko mpaka pomoni.

Sababu ya pili haitajwi sana, nayo imo ndani ya bili. Ada ya kutua hutozwa kwa uzito wa juu kabisa ambao ndege imeidhinishwa kuruka nao, uzito ulioandikwa kwenye cheti. Shehena iliyomo siku hiyo haiingii kwenye hesabu. Kwa wahasibu utaratibu huu ni mzuri: hauhitaji mizani wala mabishano. Lakini angalia matokeo yake kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA), inayoviendesha viwanja vyote viwili. Ndege ileile ikitua Eldoret inalipa. Ikiruka tupu na kutua Nairobi inalipa tena. Safari ambayo mchumi ataiita hasara, kwa kuwa mafuta yamechomwa bila kubeba chochote, inaingia vitabuni kama mapato ya kutua mara mbili, na kwenye takwimu za utendaji inaongeza idadi ya ndege zilizohudumiwa. Kama kesho maua yangepakiwa Kapseret na ndege ikaelekea sokoni moja kwa moja, kwa kanuni hiyo ya ada KAA ingepoteza mtuo mmoja wa Nairobi. Sidai kuna mtu ofisini anayetaka hali ibaki hivi. Nadai kwamba kipimo kilichopo hakimpi yeyote sababu ya kuibadilisha.

Baharini mambo ni yaleyale, ila kwa sura nyingine. Kontena la futi 20 likishushwa Mombasa limejaa vigae linahesabiwa moja. Likirudishwa melini tupu linahesabiwa moja tena. Kwa kuwa Kenya, pamoja na Uganda ambayo peke yake inachukua zaidi ya nusu ya mizigo ya kupitia, huagiza kwa uzito mkubwa kuliko inavyouza, sehemu kubwa ya makontena yanayotoka ni maboksi yenye hewa. Basi kusherehekea makontena milioni 2 bila kutenga yaliyojaa na matupu ni sawa na kondakta kutangaza mauzo kwa kuhesabu viti vya matatu. KPA walau huchapisha mgawanyo wa bidhaa zinazoingia na zinazotoka, na mtafutaji mvumilivu ataupata. Tatizo ni kwamba haufiki kwenye kichwa cha habari, wala hautumiki kupima utendaji.

Hapa kuna pingamizi lenye nguvu. Kazi ya mamlaka ya uwanja, watasema, ni kutoa lami, taa, usalama na zimamoto. Kujaza ndege ni kazi ya wakulima, mawakala na mashirika ya ndege. Kumpima mwenye nyumba kwa biashara ya mpangaji si haki. Nalikubali nusu. Hakuna mkurugenzi wa uwanja anayeweza kumlazimisha mkulima wa Nandi apande parachichi za kusafirisha. Lakini shehena ya kuoza haiendi penye lami peke yake. Inafuata ghala la baridi lililo hatua chache kutoka kwenye ndege, mkaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS aliyepo saa ya kupakia, mashine ya kukagua masanduku, na umeme usiokatika. Ardhi ya vitu hivyo vyote imo ndani ya ua wa mamlaka, na uamuzi wa kumpa nani nafasi ni wake. Kisha uwanja wenyewe haukujengwa kama duka la kupangisha. Ulijengwa kwa fedha za umma, kwa hoja ya mauzo ya nje, na hoja iliyotumika kuomba fedha ndiyo inayostahili kutumika kupima matokeo.

Pingamizi la pili linahusu hasara. Inajulikana kwamba Jomo Kenyatta ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mapato ya KAA na kuvishikilia viwanja vidogo. Eldoret basi ishukuru na kunyamaza. Sioni aibu katika ruzuku ya aina hiyo. Norwei, kupitia shirika lake la Avinor, huendesha viwanja zaidi ya 40 ambavyo vichache tu ndivyo vinavyojilipia, na nchi nzima inajua kwamba Oslo inamlisha mvuvi wa kaskazini. Kinachofanya mpango huo ukubalike ni kwamba unajulikana. Kwetu hesabu hutolewa kwa jumla ya mamlaka nzima. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyodai mapato na gharama zitenganishwe kwa kila kitengo vinayabana makampuni yenye hisa au hati za deni sokoni. Shirika la umma la kibiashara lisilo sokoni haliko chini ya sharti hilo. Kwa hiyo Mkaguzi Mkuu anaweza kutoa hati safi kabisa na bado mkazi wa mtaa wa Langas, Eldoret, asijue Kapseret ilitumia shilingi ngapi kuingiza shilingi moja. Udhaifu huu ulijitokeza mwaka 2024, wakati wa mjadala wa kampuni ya Adani kukodishwa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Mgomo wa wafanyakazi wa Septemba 11 ulizungumziwa kwa upande wa ajira na uzalendo, na Novemba 21 Rais William Ruto akaufuta mpango. Swali la nani angevilipia viwanja vingine endapo mlishaji wao angechukuliwa halikuweza kujibiwa kwa tarakimu, kwa kuwa tarakimu hazikuwa mezani.

Hata abiria wanahusika. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, msafiri wa ndani hutozwa shilingi 600 za huduma na wa kimataifa dola 50, yaani zaidi ya mara kumi. Abiria wa Eldoret karibu wote ni wa Nairobi na kurudi. Uwanja unaweza kujaa watu kila asubuhi na bado ukaonekana maskini vitabuni, wakati mtu aliyepandia Kapseret na kuunganisha Nairobi kwenda Doha anahesabiwa kuwa mapato ya Nairobi. Jambo hili ni dogo kuliko la shehena, ila linaonyesha jinsi uwanja wa pembeni unavyoandikiwa hasara kwa kalamu tu. Thamani yake ya akiba nayo haiandikwi popote: Agosti 7, 2013, moto ulipoteketeza jengo la wanaowasili Jomo Kenyatta, Eldoret ilikuwa miongoni mwa viwanja vilivyopokea ndege zilizoelekezwa kwingine.

Dawa inayopigiwa debe kila msimu wa kampeni ni kurefusha njia ya kurukia. Ni kweli kwamba lami ndefu ingeongeza tani za kuondokea. Lakini lami ni kazi ya gharama kubwa, ina fidia za mashamba, na ikikamilika kabla ya ghala la baridi na mzigo wa kutosha, itaziwezesha ndege kuondoka tupu kwa usalama zaidi. Ningeanzia kwingine. Ndege zinazokuja Eldoret zinatoka Ghuba, na Dubai iko umbali wa takriban kilomita 3,600, zaidi kidogo ya nusu ya safari ya Ulaya. Mafuta ya umbali huo ni machache, kwa hiyo hata kwa lami iliyopo ndege inaweza kuondoka na sehemu ya maana ya shehena. Soko la huko linanunua nyama, mboga, parachichi na maembe, na bonde la Kerio lina maembe yanayoozea chini ya miti msimu ukikolea. Mwenye ndege atauliza kwa nini aache maua ya Nairobi yanayomlipa vizuri, na swali lake ni halali. Ndege kubwa za Ulaya zitaendelea kwenda kuyafuata. Ndege ndogo zaidi zinazozunguka kati ya Ghuba na Afrika Mashariki ndizo za kubembelezwa, na chambo kiko mikononi mwa KAA: punguzo la ada ya kutua linalopanda kadiri ya tani zilizoondoka na ndege. Ili kulitoa, italazimika kwanza kuzipima tani za kutoka uwanja kwa uwanja, ndege kwa ndege, na kuzichapisha pembeni mwa zile za kuingia. Kamati ya bunge ya uwekezaji wa umma ina mamlaka ya kudai jedwali hilo hata kabla ya jiwe la msingi la lami mpya kuwekwa.