Don Quixote Haisomwi Chap Chap

Wengi wakirudi kutoka masomoni Uhispania husifu siesta na kahawa isiyoisha. Aliyenipunguza mwendo mimi ni Cervantes. Nilisoma Don Quixote nikiwa mwanafunzi Madrid, kwa Kihispania cha kuungaunga, kurasa nne kwa siku, kamusi mkononi.

Kila mtu anakijua kile kisa cha vinu vya upepo. Lakini kiko sura ya 8 tu, na kinaisha haraka. Riwaya yenyewe ni watu wawili wakipiga stori njiani, mmoja juu ya farasi mkongwe, mwingine juu ya punda. Ukiisoma mbio, Sancho ni kichekesho. Ukitulia, unamwona mkulima asiyejua kusoma akikomaa, hadi katika sehemu ya pili, ya 1615, anapewa utawala na kuamua kesi kwa busara inayowaaibisha wakubwa waliomweka pale wamcheke.

Ndiyo maana siamini muhtasari. Unakupa vinu, unakunyima Sancho. Na sisi wa Nairobi, tunaoringa kwa idadi ya vitabu tulivyomaliza mwaka huu, huenda tumeshawapita akina Sancho wengi bila hata kuwasalimia.