Sababu za Kudumu kwa Filamu za Idi Amin: Uhakiki kwa Mtazamo wa Karagwe na Kyerwa

4.3.1 Utangulizi

Filamu hudumu kwa sababu mbalimbali, zikiwemo ubora wa fani, umahiri wa waigizaji na uhusiano wake na kumbukumbu za hadhira. Sehemu hii inahakiki filamu tatu zinazomsawiri Idi Amin, ikiongozwa na dhana ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya Upokezi. Kwa mujibu wa dhana hiyo, kazi ya sanaa hupata maana inapokutana na yale ambayo hadhira inayajua tayari.

Kwa hadhira ya Karagwe na Kyerwa, yanayojulikana tayari ni mengi. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda kwa Mto Kagera. Murongo na Kikagati zinatazamana kwenye kingo zake. Majeshi ya Amin yalipovamia eneo la Wilaya ya Missenyi ya sasa mnamo Oktoba 1978, vita vilikuwa jirani. Aidha, Kinyambo cha Karagwe na Kinyankole cha Uganda ni lugha zinazokaribiana sana. Hivyo, hadhira hii inamjua Amin kama nduli, lakini haimwoni Mganda kuwa mgeni.

4.3.2 Uchambuzi wa Filamu

Filamu ya hali halisi ya Barbet Schroeder, General Idi Amin Dada (1974), inamwacha Amin ajieleze mwenyewe. Katika onyesho mojawapo, anaongoza mazoezi ya kuteka Milima ya Golan. Mtazamaji wa mbali huweza kucheka. Mtazamaji wa mpakani hawezi kulitenga onyesho hilo na uvamizi uliofuata miaka minne baadaye. Kejeli iliyomo inageuka kuwa onyo, na hapo ndipo nguvu ya kazi hii inapoongezeka kadiri miaka inavyopita.

The Last King of Scotland (2006), iliyoongozwa na Kevin Macdonald, ndiyo bora zaidi kifani. Forest Whitaker, aliyepata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake, anamsawiri Amin kama mtu mwenye mvuto, hofu na ukatili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mhusika mkuu ni daktari wa kubuni kutoka Uskoti, na msuko unafikia kilele katika tukio la Entebbe la mwaka 1976. Daktari anapookoka, hadithi inakwisha. Anguko la mwaka 1979 linabaki kuwa maandishi ya kufungia filamu.

Rise and Fall of Idi Amin (1981), ya Sharad Patel wa Kenya, ina kasoro za wazi. Tuhuma za Amin kula nyama ya watu, ambazo hazijathibitishwa, zinageuzwa kuwa kitisho cha kuvutia macho, na udikteta unaonekana kama wazimu wa mtu mmoja. Pamoja na hayo, filamu hii ina jambo ambalo zile nyingine hazina: msuko wake unafika mwisho. Unaanza na mapinduzi ya mwaka 1971 na kuishia kwenye anguko lililoletwa na vita na Tanzania. Muundo huo unakaribiana na ule wa ngano za zimwi, ambapo anayemeza watu sharti ashindwe mbele ya hadhira. Joseph Olita, mwigizaji Mkenya, aliuvaa uhusika huo kiasi cha kupewa tena nafasi ya Amin katika Mississippi Masala (1991).

4.3.3 Hitimisho

Uhakiki huu unabainisha kuwa, kwa mtazamo wa mpakani, ubora wa fani pekee haudumishi filamu. Kinachoidumisha zaidi ni uwezo wake wa kukamilisha tukio ambalo hadhira ililiishi au ilirithi masimulizi yake. Kwa kigezo hicho, filamu ya Patel, ingawa ni dhaifu kisanaa, ina madai ya kudumu kuliko ile ya Macdonald.

Hata hivyo, filamu zote tatu zinashiriki pengo moja: mkazi wa Kagera hana nafasi ya mhusika mwenye sauti. Mkoa huu una makaburi ya mashujaa wa vita hivyo huko Kaboya, wilayani Muleba, lakini katika filamu hizi walioyakimbia makazi yao hawaonekani wakikimbia, wala hawaonekani wakirejea. Hadhira inayodumu na filamu hizi inalazimika kulijaza pengo hilo kwa kumbukumbu zake yenyewe.